Usirushe wimbo! Nyimbo za filamu za Kihindi na watu waliozitunga



Mwezi huu ukurasa wetu wa burudani umepewa kazi ya kuamua ugomvi. Ugomvi wenyewe mnaujua. Filamu ya Kihindi inaenda vizuri, stelingi ameshakutana na yule binti, adui ameshaonyesha sura yake, mara ngoma zinalia na watu wanaanza kucheza juu ya mlima. Hapo nusu ya kibanda cha video inapiga kelele: "Rusha! Rusha!" Mwenye rimoti anarusha. Nusu nyingine, hasa kina mama na wasichana, inalalamika kwamba imelipa kiingilio kwa sababu ya nyimbo hizohizo. Na kwenye zile kopi zilizotiwa sauti ya mtafsiri ni balaa zaidi. Mtafsiri anaeleza mapigano yote, ngumi kwa ngumi, lakini wimbo ukifika ananyamaza, au anaanza kusalimia rafiki zake. Watu wanabaki kutazama midomo tu.

Sisi wa jarida tumechukua upande. Tuko na wimbo. Sababu nyingine ni za filamu zenyewe, na nyingine zinatuhusu sisi wakimbizi moja kwa moja. Hizo za pili, tunadhani wengi hapa hawajawahi kuambiwa.

WIMBO ULITANGULIA

Filamu ya kwanza ya India yenye sauti inaitwa Alam Ara. Ilionyeshwa mjini Bombay, ambao leo ni Mumbai, tarehe 14 Machi 1931, nayo ilikuwa na nyimbo saba. Bahati mbaya hakuna kopi yake iliyobaki duniani. Mwaka uliofuata ikatoka Indra Sabha, ambayo inatajwa kuwa na nyimbo karibu 70. Ndiyo, sabini, katika filamu moja! Sasa wewe unayelalamikia nyimbo sita, hapo ungefanya nini?

Sababu si ngumu kuielewa. Kabla ya sinema, watu wa India walikuwa na michezo ya jukwaani ambamo hadithi huimbwa. Na sisi tunajua jambo hilo. Bibi akisimulia hadithi usiku, anafika mahali anaacha kusema anaanza kuimba, na watoto wanaitikia. Ukimkataza kuimba, hadithi imekufa. Kwa hiyo sinema ilipopata sauti, kitu cha kwanza watu walichotaka kukisikia ni wimbo.

Siku zile za mwanzo mwigizaji alipaswa kuimba mwenyewe mbele ya kamera, na wapiga vyombo wamejificha nyuma ya miti ili wasionekane. Mwaka 1935, katika studio ya New Theatres huko Calcutta, wakaanza mtindo mwingine: wimbo unarekodiwa kwanza, halafu siku ya kupiga picha unapigwa kwenye spika, mwigizaji anachezesha midomo tu. Tangu hapo kazi ikagawanyika. Mwenye sura akawa mmoja na mwenye sauti mwingine.

Vijana wengine watakasirika, lakini ndivyo ilivyo: yule Shah Rukh Khan mnayemwiga, sauti ya kwenye nyimbo zake ni ya watu wengine kama Udit Narayan na Kumar Sanu. Na binti anayeliliwa na kibanda kizima, mara nyingi sauti yake ilikuwa ya mama mmoja mfupi aliyevaa sari nyeupe, Lata Mangeshkar.

Habari ya Lata inafaa kusimuliwa nyumbani. Alizaliwa mwaka 1929, mtoto wa kwanza kati ya watano. Baba yake, aliyekuwa mwimbaji wa jukwaani, alifariki mwaka 1942, na Lata hajafika hata miaka 13. Akaanza kuigiza na kuimba ili wadogo zake wale. Mwaka 1949 aliimba katika filamu Mahal wimbo ulioenea nchi nzima. Lakini kwenye sahani ya santuri jina lake halikuandikwa. Waliandika "Kamini", jina la yule binti wa kwenye hadithi! Wasikilizaji wakaandika barua redioni kuuliza huyu anayeimba ni nani hasa, ndipo jina lake likatangazwa. Aliendelea kuimba kwa miaka mingi sana, na alipofariki tarehe 6 Februari 2022 serikali ya India ilitangaza siku mbili za maombolezo.

NAMNA WIMBO UNAVYOTUNGWA

Watu wanadhani wimbo wa filamu unaokotwa tu unabandikwa. Hapana. Kwa kawaida wanakaa watu watatu chumbani: mwongozaji wa filamu, mtunzi wa muziki na mtunzi wa maneno. Mwongozaji anaeleza hali. Kwa mfano, binti yuko dirishani, mvua inanyesha, hajui kama kijana atarudi. Mtunzi wa muziki anavuta kinanda chake cha mkono, anatafuta tuni. Tuni ikipatikana, ndipo mwenye maneno anaanza kazi yake, na kazi hiyo ni ngumu. Lazima maneno yaenee kwenye tuni ambayo imekwisha kukatwa, kama fundi anayepewa kitambaa kilichokatwa na mtu mwingine. Mara chache maneno hutangulia, lakini kwa miaka mingi tuni ndiyo imekuwa mbele.

Wanakwaya wetu hawatashangaa. Ni mara ngapi mmechukua tuni ya zamani mkaipa maneno mapya kwa ajili ya sikukuu? Huko Mombasa, mwimbaji wa tarabu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alipata sifa kubwa kwa kuchukua tuni za filamu za Kihindi na kuziimba kwa mashairi ya Kiswahili. Watu wa pwani walilia kwa Kiswahili chao, juu ya tuni iliyotoka Bombay.

Wimbo wenyewe una sehemu mbili. Ya kwanza inaitwa mukhda, maana yake "uso". Ndiyo unayoijua, ndiyo inayorudiarudia, ndiyo watoto wanaimba wakienda kuchota maji. Baada yake zinafuata beti, ambazo wao huziita antara, na kila ubeti ukiisha unarudi kwenye uso. Zamani upande mmoja wa sahani ya santuri ulichukua dakika tatu na kitu, kwa hiyo mtunzi alikuwa na dakika hizo tu za kusema yote. Ukizidisha, unakatwa.

Mmoja wa mabingwa alikuwa Shailendra. Huyu alikuwa mfanyakazi wa karakana ya reli mjini Bombay, na usiku anaandika mashairi. Raj Kapoor, mwigizaji na mwongozaji, alimsikia akisoma shairi mbele ya watu, akataka kulinunua. Shailendra akakataa, akasema mashairi yake hayauzwi. Baadaye mke wake akawa mja mzito na nyumbani hakuna pesa. Akaenda mwenyewe kwa Raj Kapoor, akaandika nyimbo mbili za filamu Barsaat ya mwaka 1949. Hatumcheki. Nani hapa hajawahi kuuza kitu alichoapa kwamba hatakiuza? Kumbe ndiyo njia iliyompatia umaarufu. Maneno yake yalikuwa mepesi, ya mtu wa barabarani, na mpaka leo wazee wa India wanayaimba. Alifariki mwaka 1966.

UKIRUSHA WIMBO UMERUSHA HADITHI

Hebu tutoe mfano mmoja, na wale wa "Rusha!" wasikilize vizuri.

Kuna filamu ya mwaka 1973 inayoitwa Yaadon Ki Baaraat. Mwongozaji ni Nasir Hussain, muziki ni wa R. D. Burman na maneno ni ya Majrooh Sultanpuri. Ndani yake kuna jamaa moja yenye watoto watatu wa kiume. Nyumbani mama anaimba pamoja nao wimbo wao wa familia. Halafu inakuja siku mbaya. Baba na mama wanauawa, na watoto wanatawanyika, kila mmoja njia yake. Wanakua bila kujuana. Mmoja ameingia kwenye wizi, mwingine amelelewa na watu wema, na mdogo kabisa amekuwa mwanamuziki wa hotelini.

Sasa watajuanaje? Hawana picha, hawana karatasi, na sura zimebadilika. Yule mdogo anafanya jambo moja tu: anauimba ule wimbo wa nyumbani mbele ya watu, akitumaini kwamba siku moja ndugu yake atakuwa amekaa pale. Na siku inafika, ndugu anausikia, anasimama, anaitikia ubeti unaofuata. Yule mkubwa naye anausikia, anajua kabisa kwamba hawa ni damu yake, lakini kwa sababu ya maisha aliyoyaingia anashindwa kujitokeza. Anabaki ameketi, machozi yanamtoka.

Ukirusha wimbo hapo, umeona nini? Umeona watu wanakumbatiana bila sababu.

Sisi tunaojua kutafuta jamaa waliopotea, tulioandika majina kwenye fomu za Msalaba Mwekundu na kungoja, hatuhitaji kufafanuliwa. Mtoto aliyepotea akiwa na miaka mitatu hawezi kutaja wilaya wala jina la chifu. Lakini wimbo aliobembelezewa na mama yake, huo anaweza kuwa nao bado. Tunawaomba wazazi: waimbieni watoto nyimbo za nyumbani, zenye majina ya mito na milima yenu. Tunalisema hapa katikati ili lisisahaulike, sasa tuendelee.

WALIOTUNGA WALIKIMBIA PIA

Hapa ndipo penye habari tuliyoitaka kuwapa.

Agosti 1947 Waingereza waliondoka India, na nchi ikakatwa vipande: India na Pakistan. Mpaka ulipita katikati ya Punjab upande mmoja na katikati ya Bengal upande mwingine. Watu kati ya milioni 12 na milioni 15 walihama makwao. Wahindu na Masingasinga walielekea India, na Waislamu walielekea Pakistan. Mamia ya maelfu walikufa, wengine njiani, wengine ndani ya treni, wengine waliuawa na majirani waliokuwa wakila nao. Hatutaeleza zaidi. Wasomaji wetu wanaweza kujaza wenyewe.

Kambi kubwa kuliko zote upande wa India ilikuwa Kurukshetra, kaskazini mwa Delhi, mahema yenye watu zaidi ya 200,000. Hata huko sinema ilifika! Mtu mmoja wa kujitolea kutoka Delhi alileta projekta pamoja na katuni za Mickey Mouse. Wakatundika vitambaa vikubwa, na watu wakatazama kutoka mbele na kutoka nyuma. Kwa hiyo wewe unayekaa nyuma ya turubai kwa kukosa kiingilio, si wa kwanza.

Wengi waliopoteza makwao waliishia Bombay, mji wa filamu, kwa sababu mji mkubwa una kazi hata kwa mtu asiye na kitu. Gulzar, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Sampooran Singh Kalra, alizaliwa mwaka 1934 katika mji mdogo wa Dina, ambao leo uko Pakistan. Bombay alifanya kazi gereji, akichanganya rangi za magari yaliyogongwa, na huku anaandika. Wimbo wake wa kwanza kujulikana ulitoka katika filamu Bandini ya mwaka 1963. Mwaka 2009 yeye na mtunzi wa muziki A. R. Rahman walipata tuzo ya Oscar huko Marekani kwa wimbo wa filamu Slumdog Millionaire. Fundi rangi huyo! Na mtunzi wa muziki O. P. Nayyar alizaliwa Lahore, mji ambao kabla ya 1947 ulikuwa na studio zake za filamu, na uliobaki upande wa pili wa mpaka.

Lakini tunayetaka kukaa naye zaidi ni Anand Bakshi.

Bakshi alizaliwa Rawalpindi mwaka 1930. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1947, akiwa na miaka 17, jamaa yake ililazimika kukimbia haraka. Kila mtu akakamata anachoweza. Walipofika salama, wakubwa wakaanza kuuliza nani amebeba nini, na yeye akaonekana amebeba picha za mama yake. Wakamgombeza: kwa nini hukuchukua kitu cha thamani? Jibu lake, kama familia yake ilivyolisimulia baadaye, ni kwamba pesa wanaweza kuzitafuta kwa kufanya kazi, lakini picha ya mama akiiacha, nyingine ataipata wapi?

Tulipolisoma hilo, mmoja wetu aliweka karatasi chini akatoka nje kidogo.

Bakshi akawa askari katika jeshi la India. Alikuwa akiandika mashairi na kuwaimbia askari wenzake. Akaenda Bombay kujaribu bahati, ikashindikana, akarudi jeshini. Mwaka 1956 akaacha jeshi akaenda tena. Akapata nyimbo nne katika filamu Bhala Aadmi, iliyotoka mwaka 1958, na bado mlango haukufunguka sawasawa mpaka mwaka 1965, na filamu Jab Jab Phool Khile. Hesabu miaka hiyo mwenyewe. Baada ya hapo hakusimama tena: Aradhana mwaka 1969, Bobby mwaka 1973, Sholay mwaka 1975. Alipofariki tarehe 30 Machi 2002 alikuwa ameandika nyimbo zaidi ya 3,000. Hakuwa msomi wa vitabu vikubwa, na wasomi wengine walimdharau kwa maneno yake mepesi. Sisi tunaona wepesi huo ndio uliomfikisha kila mahali. Mtu aliyesafiri haraka anajua kubeba kinachohitajika tu.

Na ile filamu inayopendwa kuliko zote vibandani, Dilwale Dulhania Le Jayenge ya mwaka 1995, maneno ya nyimbo zake ni yake Bakshi. Itazameni tena mwanzo wake. Baba mtu mzima, mhamiaji, yuko London asubuhi ya baridi, analisha njiwa, na moyo wake uko Punjab. Wimbo unaopigwa hapo unamwita mtu wa ugenini arudi nyumbani. Wengi hurusha sehemu hiyo kwa sababu Shah Rukh Khan hajatokea bado! Yaani mzee aliyekimbia Punjab akiwa kijana anaandika wimbo wa Punjab ikimwita mtu wake, na sisi, wakimbizi, tunabonyeza rimoti.

Wengine walikwenda upande wa pili, tusisahau. Noor Jehan, mwigizaji na mwimbaji mkubwa wa Bombay, alihamia Pakistan mwaka 1947 akaanza upya huko. Ghulam Haider, mtunzi wa muziki aliyemshika mkono Lata alipokuwa hajulikani, naye alirudi Lahore. Mpaka ulikata watu, ukakata hata bendi.

Hatusemi kwamba kila wimbo wa Kihindi ni wa maana. Nyingi ni mvua na mapenzi, nyingine ni utani, na nyingine ni takataka tu, tuseme wazi. Kuna wazazi waliotuletea malalamiko juu ya zile nyimbo za kukata kiuno mbele ya walevi. Tunakubaliana nao, hizo hata sisi hatuzitetei mbele ya watoto.

MANENO UNAYOYAJUA TAYARI

Watoto wengi hapa wanaimba Kihindi bila kujua wanasema nini. Lakini tegeni sikio. Mtasikia duniya, na hiyo ni dunia yetu. Mtasikia safar, ni safari. Khabar ni habari, waqt ni wakati, kitab ni kitabu, jawab ni jibu, lile ambalo wazee wa pwani huliita jawabu. Zamana iko karibu na zamani, na musafir ni msafiri. Si bahati tu. Watunzi wengi wa nyimbo hizo walikuwa washairi wa Kiurdu, lugha ndugu na Kihindi iliyochukua maneno mengi kutoka Kiarabu na Kiajemi. Kiswahili nacho kilichukua hukohuko. Kwa hiyo mtoto akikuuliza maana ya wimbo, unaweza kuanza na maneno hayo, halafu mkakisia yaliyobaki kwa kutazama picha. Ni mchezo mzuri wa jioni na hauna gharama.

Redio nayo ilifanya kazi kubwa. Mwaka 1952 waziri wa habari wa India, B. V. Keskar, aliona nyimbo za filamu zinaharibu watu, akazipunguza katika redio ya serikali. Watu wakafanya nini? Wakageuza kisahani kwenda Radio Ceylon, redio ya nchi jirani, kisiwa tunachokiita leo Sri Lanka. Huko mtangazaji Ameen Sayani alianza Desemba 1952 kipindi cha kila wiki cha nyimbo zinazopendwa, na nchi nzima ikakaa karibu na redio. Serikali ikashindwa. Mwaka 1957 ikafungua idhaa yake ya burudani, Vividh Bharati. Sauti haiombi kibali cha kutoka.

Kwenye pesa mambo hayakuwa mazuri hivyo. Kwa miaka mingi mwenye filamu alimlipa mtunzi mara moja, basi, na wimbo ukawa wake milele. Redioni walitaja jina la filamu na la mwimbaji, aliyeandika maneno akasahauliwa, mpaka watu kama mshairi Sahir Ludhianvi wakadai watajwe. Huyu Sahir naye alitoka Lahore, alihama mwaka 1949. Ni mwaka 2012 tu ambapo bunge la India lilibadilisha sheria, baada ya mshairi Javed Akhtar kulipigania ndani ya bunge hilohilo. Sasa mtunzi wa maneno na mtunzi wa muziki wana haki ya fungu lao wimbo unapotumika nje ya sinema, na haki hiyo hawawezi kulazimishwa kuiuza. Vijana wetu mnaorekodi nyimbo kwa simu na kuwapa watu kwenye flashi, andikeni jina lenu na tarehe. Andikeni leo.

FILAMU YA KUTAFUTA

Wenye vibanda walituuliza waonyeshe ipi. Tunapendekeza Naam, ya mwaka 1986, iliyoongozwa na Mahesh Bhatt. Kijana, anayeigizwa na Sanjay Dutt, ameenda nchi ya mbali kutafuta maisha, na maisha yamemharibikia. Usiku mmoja anakwenda kusikiliza muziki. Mwimbaji ni Pankaj Udhas mwenyewe, kwa sura yake na sauti yake, hakuna kuchezesha midomo ya mtu mwingine. Alifariki Februari 2024. Amekaa chini na kinanda chake, anaimba barua. Ni barua ya baba kwa mtoto aliyeondoka. Baba anaeleza habari za nyumbani, sikukuu zilizopita bila yeye, mama anavyongoja, na anamwambia arudi.

Mule ukumbini wamejaa watu walioacha makwao. Kamera inapita kwao mmoja mmoja, na watu wazima wanalia bila aibu. Muziki ni wa Laxmikant na Pyarelal. Maneno ni ya Anand Bakshi, yule wa picha za mama.

Wimbo ni mrefu. Mtafsiri akinyamaza hapo, mwacheni anyamaze. Na rimoti apewe mama mmoja wa kuaminika.